Mnazi wa Kitovu Chako

Rukia mwanangu,

Kabla hujasoma mstari wa pili, tafuta mahali ambapo hakuna mtu wa kuchungulia begani kwako. Nakuomba, tena nakuomba kama mdogo anavyomwomba mkubwa, neno lolote utakalolikuta humu lisitoke kinywani mwako. Usimwambie rafiki wa kitanda cha juu hata kama mmeshaapiana. Usimwambie Mama mdogo Zuhura. Zaidi ya wote, usimwambie Bibi. Yeye nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso, akirudi kutoka harusini Pemba, na mpaka sasa sijui nitaanzia wapi. Akilisikia kwa mtu mwingine kabla yangu, sidhani kama nitakuwa na mama tena.

Nimebaki ofisini peke yangu. Wenzangu wameondoka, mlinzi anadhani ninamalizia kazi. Kesho asubuhi unapanda basi la Lushoto, na barua hii nitaitia chini kabisa ya sanduku lako, chini ya sweta, uikute ukishafika. Sitakuandikia habari za kufua soksi wala za kufunga kufuli; hayo Mama mdogo ameshakuchosha nayo. Nina jambo moja tu, na nikilizunguka nitaogopa na kuliacha.

Mnazi wako haupo. Nimeukata. Jana mchana.

Usisimame. Soma hili kwanza: dakika ileile mti ulipoanguka nyumbani Pongwe, wewe ulikuwa Nguvumali kwa Mama mdogo, umekaa kwenye mkeka, unakula mihogo ya nazi na kucheka. Nisiseme dakika ileile, maana sikuwapo pande zote mbili. Nilifika Nguvumali baadaye, roho imenitoka, na Mama mdogo akasema ulikuwa unaongeza sahani ya pili. Hiyo ndiyo habari. Mengine yote ninayoandika ni kujaribu kuielewa, na bado sijaielewa.

Unajua Bibi anavyoisimulia. Kitovu chako kilipokatika alikifunga kwenye kitambaa cheupe, akachimba shimo nyuma ya nyumba, akakizika, na juu yake akapanda nazi iliyokuwa imeanza kuchipua. Tangu siku hiyo mti ule haukuitwa mnazi. Uliitwa Rukia wa nje, na wewe ukawa Rukia wa ndani. Ukipata homa, Bibi alitoka kwanza kuutazama mti, kisha ndipo akaingia kukushika paji la uso. Ulipochelewa kutembea alitia samadi kwenye shina. Ulipovunja ungo, dafu ulilonyweshwa lilitoka juu kule, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa hata kulionja.

Mimi nilicheka. Nilikuwa msichana aliyetoka kidato cha sita na mtoto mchanga mkononi, baba yako ameshavuka mpaka wa Horohoro kurudi kwao, na bado nilijiona najua kila kitu. Nilimwambia Bibi kwamba kitovu huoza kama kitu kingine chochote, mizizi ikanywa maji na chumvichumvi zake, na mzizi hauna namna ya kujua hiki ni cha Rukia na hiki ni cha mbuzi.

"Wewe nawe," Bibi akasema. "Kama hayo uliyoyasoma yana faida, mbona umenirudia na tumbo?"

Nikanyamaza. Usimkasirikie, ndivyo anavyotania. Lakini nataka ujue kwamba nilinyamaza, na nikaendelea kunyamaza miaka yote ya umri wako. Niliona ni jambo dogo. Mti ni mti, nikasema, bibi na mjukuu waache wacheze. Nilidhani imani ni kama nguo, mtu mzima akiamua kuivua anaivua. Jana nimeonyeshwa kwamba sivyo, na nitakuambia jinsi nilivyoonyeshwa.

Mvua za vuli zilipoanza, vidaka, zile nazi changa, vilianza kudondoka. Unakumbuka. Vidaka hudondoka siku zote, lakini hivi vilikuwa na weusi kwenye kikonyo. Baadaye karara jipya likapasuka na maua ndani yake yalikuwa meusi kama yamepitishwa motoni. Kisha makuti ya chini yakaingia umanjano, na umanjano ule ukawa unapanda. Asubuhi moja Bibi aliviokota vidaka kwa upande wa kanga, akaingia navyo, akavimimina mezani mbele ya sahani yako.

"Rukia wa ndani, mwenzio anaumwa," alisema. "Safari ya shule ingoje."

"Mama, shule haingoji mti," nikasema.

"Basi na wafunge geti. Mtoto ni wao au wetu?"

"Asipofika mapema watampa nafasi mtu mwingine."

"Na akifia huko, watatupa nani?"

Wewe uliviangalia vile vidaka, ukaweka mkate chini. Tangu asubuhi ile hukumaliza sahani tena. Tumbo likakaza, kichwa kikawa kinagonga, usingizi ukakuruka. Nilikuona ukitoka uani na kushika shina kama mtu anayempima mgonjwa, kisha unajishika shingo. Mimi na Bibi tukakupeleka zahanati. Wakapima malaria, wakapima taifodi, wakapima damu, hawakuona kitu.

"Huyu binti hana ugonjwa," daktari akamwambia Bibi.

Bibi akamjibu kwa upole kabisa, "Nyie mmempima mmoja, baba. Mwenzake hamjampima."

Nilitaka kucheka, na sikuweza.

Kwa hiyo nikampima mwenzake. Unaijua kazi yangu: ofisi yetu inatoa vyeti vya miche na mbegu zinazovuka mpaka, na mimi ni karani, ninachapa kwamba mimea hii ni mizima. Wanaojua kama ni mizima kweli ni wengine. Mmoja wao ni Bwana Mhina, mtaalamu wa magonjwa ya mimea, yule anayekuita "mkwe" kila ukija ofisini. Nilimpelekea tawi la ua lile jeusi ndani ya mfuko na picha kwenye simu. Hakutazama muda mrefu.

"Mama Rukia, huu si wa kuuguza," akasema. "Huu ni wa kuuzika."

Akanieleza, nami nakueleza kama nilivyoelewa, maana wewe unapenda kujua kitu kinavyofanya kazi. Ndani ya mnazi kuna njia mbili. Moja inapandisha maji kutoka mizizini mpaka makutini. Majani yakipumua mvuke juani, maji yanavutwa kutoka chini kama mtu anayefyonza dafu kwa mrija. Nyingine inashusha sukari ambayo majani yameipika kwa mwanga wa jua, ikalishe shina, mizizi na matunda. Ugonjwa huu unakaa kwenye njia hii ya pili. Unaletwa na kijidudu kidogo mno, hata ukuta wa seli hakina, na kinadhaniwa kuenezwa na wadudu wanaofyonza majani, ingawa Bwana Mhina aliniambia nisiandike popote kwamba ni mdudu fulani kwa sababu hawajawa na uhakika. Njia ikiziba, mti unakufa njaa huku jikoni kunapikwa. Mwisho kinaoza kile kiini cheupe cha kileleni tunachokiita shaha, ambamo kila kuti jipya huzaliwa. Na shaha ni moja. Mwembe ukiukata kichwa utachipua ubavuni. Mnazi hauna pengine pa kuanzia.

"Hakuna dawa?" nikauliza.

"Kwa mti wa nyumbani, hakuna. Kata, choma kichwa, minazi ya jirani ipone."

"Na mtoto je?"

"Mtoto gani?"

"Hakuna. Nimesema tu."

Sijapata kuona haya ofisini kama siku ile. Lakini swali lilikuwa limeshatoka, na lilitoka kinywani mwangu mimi, si mwa Bibi.

Sasa sikiliza jambo ambalo hujawahi kuambiwa, na ambalo Mama mdogo Zuhura mwenyewe hajui. Wewe unajua kwamba masikio yake yalichukuliwa na mnazi. Ndivyo tunavyosema nyumbani: mnazi wake uliumwa, naye akaumwa, wakapona wote wawili, ila mti ukabaki na masikio yake kama ada. Yeye mwenyewe husimulia hivyo akicheka, na kila akipita Pongwe anaupapasa mti ule na kuusemesha.

Nilikuwapo. Zuhura alikuwa mtoto wa darasa la kwanza, na mnazi wake ulikuwa umeingiwa na chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa makuti machanga. Kuti jipya lilitoka limekatwakatwa kama limepigwa mkasi. Wakati huohuo Zuhura akashikwa na homa. Nyumba nzima ilikimbilia uani. Mkwezi alipandishwa na mchanga na majivu na chumvi, akavitia kileleni. Mwalimu wa madrasa akaletwa, akaandika kombe, aya za kuponya, kwenye sahani kwa zafarani, ikayeyushwa kwa maji, na maji yale hayakunywewa na Zuhura. Yalimwagwa kwenye mizizi. Zuhura akatandikiwa mkeka chini ya mti ili wapone pamoja. Sisi watoto tulichota maji kisimani tukawa tunamwagilia, na mimi nilikuwa hodari kuliko wote. Kila ndoo ikizama ardhini nilifurahi, nikasema amekunywa, amekunywa. Zuhura alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, midomo imepasuka kwa kiu.

Alipoanza degedege ndipo wakampeleka hospitali. Ilikuwa malaria, ile ya kawaida kabisa, imeachwa mpaka ikapanda kichwani. Wakamwokoa. Masikio hayakuokoka, au yaliokoka kidogo tu, kama unavyoona anavyotazama midomo yetu tukizungumza. Na mnazi, mwanangu, mnazi ulipona. Chonga hujeruhi, mara nyingi haui, mradi asiifikie shaha. Ungepona hata kama tusingeumwagilia tone. Lakini nyumbani ilionekana wazi kabisa kwamba dawa imefanya kazi. Mti umepona, mtoto amepona. Nani angebisha? Mimi nilikuja kuelewa darasani, kwenye somo la malaria, nikiwa nimekaa dawati la mbele. Nilinyanyua mkono nikaomba kutoka nje.

Sikumwambia Bibi, wala Zuhura. Ningemwambia nini? Kwamba mti anaoupapasa ulikunywa maji yake?

Kwa hiyo nilipokuona umeshika shina huku unajishika shingo, niliona kitu ninachokijua. Na niliona kitakachofuata. Mti usingekufa siku moja. Ungekufa kuti kwa kuti, kwa miezi, mbele ya macho ya Bibi, na kila kuti likianguka ungepigiwa simu shuleni. Au usingekwenda shule kabisa, ungebaki mkono shinani mpaka mwisho. Nikasema moyoni kwamba kama lazima mti ufe, ufe mara moja, na wewe usiwepo kuuona. Ndipo nikakuhamishia Nguvumali kwa Mama mdogo.

Bibi alikwenda Pemba akiamini kwamba hutaondoka mpaka arudi. Hilo nalo ulijue. Uliponiuliza, "Bibi amekubali?" nikakuambia amekubali, haikuwa kweli. Alipokuwa anatoka nyumbani na mkoba wake alisimama uani akaniambia, "Umwagilie. Asubuhi na jioni." Nikasema, ndiyo Mama. Akautazama mti, kisha akanitazama mimi. "Unaniona mshamba," akasema. "Mtoto akienda mbali, mama anabaki na nini cha kutazama? Utatazama simu?" Nikasema, ndiyo, nitatazama simu. Akacheka. "Haya. Simu haioti kuti."

Akirudi atakuta Rukia wote wawili hawapo.

Fundi wa msumeno alikuja jana na mwenzake. Mtu wa maneno mengi, kofia kisogoni. Aliuzunguka mti, akagonga shina kwa kisigino cha panga.

"Dada, huu hauna kitambaa huu? Hauna mtu chini?" akauliza. "Miti ya vitovu mimi sikati. Nimeshalaaniwa vya kutosha na wake zangu."

Nilifungua mdomo niseme hapana. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Una mtu. Ni wangu mimi."

"Wako mwenyewe?"

"Wangu mwenyewe. Kata."

Akanitazama juu mpaka chini. "Basi kaa mbali, usije ukanidondokea," akasema, na mwenzake akaangua kicheko.

Sijui kwa nini nilisema vile. Nilidhani nimesema ili afanye kazi yake aondoke. Alifunga kamba, akawasha mashine, na unga wa shina ukaanza kuruka, mweupe, wenye maji. Mnazi hauna magome ya kuvimba na kufunika jeraha kama mwembe. Vidato walivyochonga wakwezi tangu mwanzo vilikuwa palepale, wazi vilevile. Nikavitazama vidato vile. Nikajiambia: haya ni maji na nyuzi na sukari. Nikalirudia kama mtu anayesoma dua. Kisha mti ukalia, ukainama, ukaenda.

Rukia, miguu yangu ilikufa. Sisemi kwa mapambo, mimi ni mtu wa kuchapa vyeti. Kuanzia kiunoni kwenda chini sikuwa na kitu. Nilianguka kama mti wenyewe. Kifua kilibana, masikio yakaziba, na nilijua, si kudhani, nilijua kama ninavyojua jina langu, kwamba mwanangu amekufa na mimi ndiye niliyemuua. Fundi alinimwagia maji usoni.

"Dada! Dada, umeona nini? Mti tu huu!"

Nikataka kusema najua. Ulimi haukugeuka.

Nilipoweza kushika simu nilimpigia Mama mdogo. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena na tena, na kila ilipoita bila kupokelewa nilizidi kuona maiti yako. Haikunijia akilini hata mara moja kwamba Zuhura hasikii simu. Ndugu yangu wa tumbo moja, ambaye sababu ya ukiziwi wake naijua mimi peke yangu duniani, na mimi nimekaa chini kwenye unga wa mnazi nampigia simu na kulia kwamba hapokei. Mtu hata asome kiasi gani, hofu ikimshika inamvua vyote kwa mara moja. Sikuwa nimebakiwa na somo hata moja. Nilikuwa na mwili tu, na mwili ule ulikuwa unamwamini Bibi neno kwa neno.

Nikachukua bodaboda. Sikumbuki njia. Namkumbuka kijana akiniambia, "Mama, usinikabe shingo, tutafika." Nikaingia kwa Zuhura bila hodi, na viatu vyangu miguuni, nikakuta umekaa na mhogo mkononi. Ukanitazama kichwani, ukacheka.

"Mama! Umetoka kukunia nazi nani? Kichwa kizima machicha!"

Ulikuwa unaona unga wa mti wako. Nikakuambia nimepita mahali wanapasua mbao. Ukanishika mkono, ukanipangusa nywele kwa kanga, ukauliza kama nimekula. Mashavu yako yalikuwa na damu. Zuhura akasema, kwa ile sauti yake kubwa, "Huyu wako ana minyoo au ana mimba? Tangu aje hapa anakula kama kuli!" Ukamrushia ganda la mhogo. Mimi nikaketi pale chini nikawa nalia, na nyote mkadhani ni kwa sababu unaondoka.

Tangu jana nimekuwa nikiligeuza jambo hili. Mti umeanguka, na aliyeanguka ni mimi niliyeuona ukianguka. Wewe ambaye kitovu chako kilikuwa chini yake hukusikia hata mwasho. Kama kulikuwa na kamba kati yake na mtu, ilipita machoni na masikioni, haikupita ardhini. Uliugua ulipoambiwa unaumwa. Ulipohamia Nguvumali ambako hukuwa unauona, ukapona bila dawa. Nami ninayejua njia mbili za maji na sukari, miguu yangu ilikufa kwa kitu nilichokicheka ujana wangu wote.

Lakini mtu asikuambie kwamba ulikuwa unajifanya. Nimejifunza hilo kwa magoti yangu. Tumbo lako lilikaza kweli. Kichwa kiligonga kweli. Hofu si hewa, inaingia mwilini na kukaza misuli, inafunga njaa, inaharakisha moyo, na mgonjwa wake anaumwa kama mgonjwa mwingine. Sikulijua hilo nilipokuwa nakuambia, "Acha deko, ule." Nilidhani kuna ugonjwa wa kweli na ugonjwa wa uongo. Nisamehe kwa kila sahani niliyokusukumia.

Na kuna jambo linalonitisha kuliko yote, ndilo lililonifanya nichane karatasi nyingi kabla ya hii. Ulikuwa unakula jana kwa sababu hukujua. Sasa unajua. Huenda mimi, kwa barua hii, ndiye ninayemimina vidaka mbele ya sahani yako. Nimejiuliza mara nyingi kama ningekuficha. Lakini Pongwe nzima imeusikia ule msumeno. Mtu atakuambia. Bibi atakuambia, na atakuambia akilia. Nimeona bora ulisikie kwangu, mtu niliyekuona na mhogo mkononi, kuliko kwa mtu atakayeanza na mti. Hicho ndicho nilichomnyima Zuhura. Yeye alipewa hadithi moja tu akaishi nayo. Wewe nakupa kilichotokea, chote, pamoja na aibu yangu, ukipime mwenyewe.

Sikukatazi kumpenda Bibi wala kumsikiliza. Alizika watoto wawili kabla yangu, wakati zahanati ilikuwa mbali na gari hakuna, na nadhani ndipo alipoanza kutazama miti, kwa sababu mti angalau humwambia mtu mapema. Maneno yake kuhusu simu yamenikaa. Leo asubuhi nilitoka uani na maji mkononi kabla sijakumbuka. Kuna kisiki tu. Nilisimama pale nikaelewa kwamba sikumkatia Bibi peke yake. Kesho utakuwa mbali, milimani, mahali minazi haioti, nami sitakuwa na kitu cha kutazama.

Kwa hiyo sikiliza namna ya kunipata, na ufuate kama nilivyoandika.

Ukiumwa, kwa sababu yoyote, hata kama unahisi ni mti, usianze na mimi. Anza na matroni. Mwambie akupeleke ukapimwe malaria. Ikiwa ipo, meza dawa mpaka ziishe. Ikiwa haipo, mwambie matroni kwamba umepata habari mbaya nyumbani na unaogopa. Sema neno hilohilo, unaogopa, usiseme tumbo. Ukishafanya hayo ndipo unipigie. Mkiruhusiwa simu siku ya Jumapili, tumia ya matroni, piga simu yangu ya mkononi, si ya nyumbani, kwa kuwa ya nyumbani hupokewa na Bibi na sijui atakuwa katika hali gani. Siku za kazi piga ofisini. Nisipokuwapo mwachie ujumbe Bwana Mhina, mwambie tu "mkwe amepiga", ataelewa, wala hatauliza. Usimpigie Mama mdogo. Mwandikie ujumbe, atausoma.

Usisubiri uwe na shida. Piga hata kama huna la kusema. Na nikipokea usianze na shikamoo kama nilivyokulea. Anza kwa kusema, "Mama, mimi mzima." Shikamoo ije baada ya hapo, nitaiitikia.

Mama yako